Ng'ombe wa Kushoto

Dalali alipofika ilibidi apokelewe mlangoni, kwa kuwa sebule ilikuwa imejaa alizeti. Chumbani nako alizeti. Magunia arobaini yaligawana nyumba ile na wenyewe, na katika mgawanyo huo magunia ndiyo yaliyopata fungu nono. Kitanda kilisukumwa ukutani hadi kikakosa pa kwenda, pacha wawili walilala juu ya magunia, pua zao zikigusana na dari, na Mama Pacha alishajifunza kuvaa nguo akiwa amesimama kwa mguu mmoja kama korongo.

Mumewe hakuona tabu yoyote. Yeye aliona mali. Kijijini walimwita Ushuru, na jina hilo lilimkaa vizuri kuliko koti lake. Mwaka uliopita serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya kupikia yanayotoka nje; mafuta ya nje yakawa ghali, wenye viwanda wakakimbilia alizeti ya hapa, na bei ikaruka hadi elfu moja na mia mbili kwa kilo. Ushuru aliisikia habari hiyo redioni, na tangu siku hiyo hakunyamaza. Ukimuuliza habari za asubuhi, anakujibu kwa asilimia.

"Mia nane," alisema dalali. Alikuwa amechoma gunia la kwanza kwa bambo lake, kile kichuma cha kutolea mbegu bila kufungua gunia, akatafuna mbili tatu na kutema maganda kwenye kizingiti ambacho Mama Pacha alikuwa amekifagia muda huohuo.

"Mia nane nini?"

"Mia nane kilo, bwana mkubwa. Pesa taslimu, lori liko barabarani."

Ushuru alicheka. Alicheka kwa kuegemea mlango, ili acheke vizuri. "Wewe dalali, unajua ushuru wa mafuta ya nje ni asilimia ngapi?"

"Sijui. Mimi najua mia nane."

"Thelathini na tano! Mafuta ya nje hayaingii hapa. Yakiingia yanaingia yanalia. Sasa kiwanda kitakamua nini, kokoto? Ngoja mwezi mmoja. Mtakuja hapa kwa magoti na elfu moja na mia tano."

"Mwaka jana kijiji hiki kilitoa magunia mia tatu," dalali alisema, akifuta bambo kwenye suruali. "Mwaka huu nimeshapita nyumba kumi na mbili, na kila nyumba watu wamelala juu ya alizeti kama kuku wanaoatamia. Wote mlisikia redio moja, mkalima kitu kimoja. Mia nane ni ya leo. Ya kesho siijui."

Mama Pacha alipiga hesabu haraka kichwani. Hakuwa amesoma uchumi, lakini ng'ombe aliwajua. Mumewe alikodi mashamba mawili ya ziada, akayalima yote kwa ng'ombe wao wawili, kisha akawauza ng'ombe haohao ili anunue mbegu za kisasa na kulipa wapaliliaji. Nusu ya kijiji walifanya hivyo. Aliyewanunua ni Kwato, mfanyabiashara wa ng'ombe, na maneno waliyopatana yalikuwa mafupi: mwenye ng'ombe akirudi kabla ya mwezi unaofuata mavuno kwisha, atauziwa mnyama wake kwa laki tisa, asiporudi, ng'ombe atapanda lori la wachinjaji. Mvua ilitarajiwa mara tu baada ya mwezi huo, na bila ng'ombe hapalimwi kitu.

"Baba Pacha," alisema taratibu, "mia nane inarudisha ng'ombe wote wawili, na chenji ya chumvi."

"Mama Pacha, mambo ya uchumi tuachie wenyewe."

Dalali akapandisha mabega, akaenda nyumba ya kumi na nne, ambako pia, ilivyokuja kusikika, alikuta mchumi.

* * *

Wiki mbili baadaye Mama Pacha alikwenda dukani kununua mafuta ya kupikia. Ndiyo, mafuta. Mwanamke aliyelala na magunia arobaini ya mafuta yasiyokamuliwa alikwenda na kichupa kununua vipimo viwili vya mafuta ya nje, kwa sababu mumewe alikataza hata kisahani kimoja kisichotwe. "Usile mtaji," alimwambia. Mboga za nyumba ile zilikuwa zikichemshwa kama za mgonjwa.

"Vipimo viwili?" muuza duka alipaza sauti ili foleni nzima ifaidike. "Mke wa Ushuru! Si nyie ndio wenye mafuta?"

"Pima, kaka yangu. Domo halikaangi kitu."

Wanawake wakacheka, naye akacheka nao, maana ndiyo njia rahisi ya kupita. Redio ya duka ilikuwa ikisoma habari. Mtu wa serikali alikuwa akizungumza kwa sauti laini, ya mtu aliyekunywa chai ya maziwa, akisema kwamba kilio cha wananchi kimesikika. Mafuta ya kula yamepanda mno mijini. Kwa hiyo, ili kumpunguzia mwananchi makali ya maisha, ushuru wa mafuta kutoka nje umeondolewa kuanzia usiku wa kuamkia leo. Meli tatu ziko bandarini zinashusha.

"Haya sasa!" mama mmoja alipiga makofi. "Si mlisikia? Mafuta yanashuka!"

Foleni ikashangilia. Mama Pacha naye alitabasamu, akaona kichupa chake kikijaa, akaona mboga ikichuruzika mafuta kwenye sufuria. Alitabasamu muda wa pumzi mbili hivi kabla hajakumbuka kwamba yeye ni mkulima wa alizeti. Ndipo tabasamu likabaki usoni peke yake, halina mwenyewe.

"Kwani mwananchi ni nani?" alimuuliza muuza duka.

"Mwananchi ni anayenunua, dada. Wewe unauza. Vipimo vyako viwili hivi hapa."

Alipofika nyumbani alimkuta mumewe amekaa juu ya magunia, redio ndogo mapajani, uso umesawijika. Alikuwa ameizima. Kwa mtu yule, kuzima redio kulikuwa sawa na kuvua nguo hadharani.

"Ni habari za uongo," alisema.

"Meli tatu nazo ni za uongo?"

"Watarudisha ushuru. Haiwezekani. Wiki moja tu utaona."

"Wiki moja Kwato anapakia lori." Mama Pacha aliweka kichupa chini, akafunga kitambaa kichwani upya, safari hii kwa kukaza. "Tunakwenda kiwandani kesho. Ukitaka kubaki na redio, baki. Nitamwomba jirani anisaidie kupakia."

Ushuru alikwenda. Aibu ya kubaki ilikuwa kubwa kuliko aibu ya kwenda, na hiyo ndiyo hesabu ya kwanza aliyoipata sawasawa mwaka ule.

* * *

Kiwandani walikuta wenzao wote. Mikokoteni, malori, baiskeli zenye gunia mojamoja, na wale wachumi wote wa kijiji wakiwa wamesimama juani bila asilimia hata moja mdomoni. Ubao uliokuwa langoni uliandikwa bei kwa chaki. Mia sita ilikuwa imefutwa, mia tano imefutwa, na juu ya vumbi la chaki pameandikwa mia nne na hamsini. Mwenye chaki alikuwa amekaa karibu na ubao, kitambaa cha kufutia mkononi, kama mtu asiyetaka kusumbuka kuinuka tena.

Walipanga foleni kuanzia asubuhi hadi saa tisa. Gunia la kwanza lilipopanda mizani, mpimaji alitazama sindano na kusema, "Hamsini na saba."

"Sitini!" Ushuru aliruka. "Hiyo sindano inasoma sitini, mtoto mdogo anaona."

"Kilo moja ya gunia lenyewe. Kilo moja ya vumbi."

"Na ya tatu?"

"Ya mizani."

"Mizani inakula alizeti?"

"Mzee, una magunia mangapi?"

"Arobaini."

"Basi yarudishe nyumbani ukayapime kwa sindano yako." Mpimaji alitazama nyuma ya Ushuru. "Anayefuata!"

"Pima, baba," Mama Pacha alisema haraka. "Pima tu hiyo hamsini na saba."

Wakati magunia yanapanda na kushuka, alizunguka nyuma ya jengo kutafuta kivuli. Huko alikuta mapipa ya bluu, mengi, yamepangwa hadi ukutani, na wasichana waliovaa kofia za nailoni wakimimina mafuta ya njano kutoka kwenye mapipa hayo kwenda kwenye chupa. Mitambo ya kukamua ilikuwa kimya. Kila chupa ilikuwa na karatasi, na kila karatasi ilikuwa na picha ya ua la alizeti lililochanua vizuri, likicheka na jua.

"Hayo ni ya alizeti?" aliuliza.

Msichana mmoja alimtazama kwa huruma. "Picha ndiyo ya alizeti, mama."

"Sasa zetu mnanunua za nini?"

"Bosi anasema ni za kuchanganyia harufu. Na mashudu ya kulishia kuku wake."

Aliporudi kwenye mizani alimkuta mumewe bado anamwelimisha mpimaji juu ya soko la dunia. Mpimaji alikuwa anakula karanga. Dirishani mwanamke wa malipo aliita, "Magunia arobaini, nani anapokea?" na kwa kuwa mwenye magunia alikuwa katikati ya hotuba, Mama Pacha alinyoosha mkono. Milioni moja na elfu ishirini na sita. Alizifunga kwenye pindo la nguo, fundo mara mbili. Ushuru alipogeuka kumaliza hoja yake, pesa zilikuwa zimeshapita, nazo hazikurudi upande wake tena.

* * *

Zizi la Kwato lilikuwa limejaa siku ile, maana ilikuwa Jumamosi, siku ya mwisho ya mapatano. Lori la wachinjaji lilikuwa limeegeshwa kinyumenyume langoni, mlango wake wa nyuma wazi, dereva amelala amefunika uso kwa kofia. Wenye ng'ombe wao wa zamani walisimama kwa mstari, kila mmoja akiwa na pesa za ng'ombe mmoja mfukoni na hamu ya wawili machoni.

Kwa wasiowahi kushika plau: ng'ombe wa kulima hufundishwa upande. Wa kulia hutembea ndani ya mtaro uliokwisha kuchimbwa. Yeye ndiye anayenyoosha mstari, ndiye mwenye nguvu na ndiye anayesifiwa. Wa kushoto hutembea juu ya ardhi ngumu kandokando yake, anafuata. Ukiwabadilisha, wanachanganyikiwa kama wapiga ngoma waliobadilishana fimbo, na kumfundisha upya mmoja kunakula wiki tatu nne. Katika nyumba ya Ushuru wa kulia aliitwa Jenerali, wa kushoto aliitwa Mpambe. Majina hayo alitoa nani, huna haja ya kuuliza.

"Jenerali," Ushuru alisema kabla hata hawajafika mbele. "Tukiwa na mmoja, basi awe Jenerali. Wa kushoto ni wa kuokoteza tu, utampata popote."

Mama Pacha alikuwa anatazama lango. Alitoka katibu wa kijiji na ng'ombe wake: wa kulia. Akatoka muuza mkaa: wa kulia. Jirani yake mjane akatoka akivuta wa kulia, shemeji yake akimpigia makofi kwa uchaguzi mzuri. Akahesabu wa nne, wa saba, wa kumi na moja. Wote wa kulia, wote wanatoka vifua mbele, na wenyewe vifua mbele. Ndani ya zizi walibaki wa kushoto, wamesimama pamoja kwenye kona, wakitafuna cheua.

"Shemeji yangu!" Kwato aliita. Alikuwa mtu wa tumbo na kicheko, buti zake zimefika magotini. "Karibu. Jenerali wako huyu hapa, amenenepa kuliko mumeo. Laki tisa, kama tulivyopatana."

"Na Mpambe?"

"Mpambe?" Kwato alikuna shingo. "Hao wa kushoto hawana mteja leo. Nipe laki sita na nusu umchukue. La sivyo dereva akiamka, wanapanda wote."

"Wote?"

"Wote, shemeji. Mimi silishi mapambo."

Alianza kufungua fundo la nguo. "Nipe Mpambe."

Zizi zima lilipasuka kwa vicheko. Katibu wa kijiji, aliyekuwa hajafika mbali, alirudi ili acheke kwa karibu.

"Mama Pacha!" Ushuru alimvuta kiwiko. "Umerogwa? Unaniaibisha mbele ya watu. Nani ananunua wa kushoto peke yake? Utamfunga na nani, na mimi?"

"Ningejua unavuta, ningekufunga mwaka jana."

"Jamani!" Katibu alikuwa anafuta machozi. "Ushuru, nyumbani kwako siku hizi kodi inakusanywa na nani?"

"Baba Pacha, hebu hesabu ng'ombe waliotoka hapo langoni," Mama Pacha alisema kwa sauti ya chini. "Ni wa upande gani? Na hawa wa huku wanakwenda wapi?" Alionyesha lori kwa kidevu.

Ushuru alitazama lango, akatazama lori. Mtu aliyeweza kukueleza meli ngapi zimebeba mawese baharini alishindwa kuona ng'ombe kumi na moja mbele ya pua yake. "Siyo suala la kuhesabu," alisema. "Ni suala la heshima."

Mama Pacha alihesabu laki sita na nusu, akampa Kwato, akashika kamba. Mpambe alimfuata bila maswali. Njia nzima Ushuru alitembea hatua ishirini nyuma, ili mtu akiuliza, aonekane anakwenda kwingine.

* * *

Mvua ilinyesha siku ya nne. Ilinyesha ya kutosha, ardhi ikalainika, na kila aliyekuwa na plau akaitoa.

Siku ya kwanza kijiji kiliburudika. Katibu na muuza mkaa waliunganisha ng'ombe wao, wa kulia kwa wa kulia. Wote wawili walitaka mtaro. Walisukumana mabega, wakazunguka, na plau ikaandika shambani kitu kama sahihi ya mlevi. Kufika adhuhuri nira ilikuwa imevunjika na marafiki wale wawili hawasemezani. Shamba la pili likawa vivyohivyo. La tatu vivyohivyo.

Siku ya pili watu wakaanza kumkumbuka Mama Pacha. Walikuja asubuhi kila mmoja na ng'ombe wake wa kulia kwa kamba, wakapanga foleni uani kama wagonjwa wa kliniki. Katibu alikuwa wa tatu. Hakucheka.

"Dada yangu," alianza, "sisi ni majirani..."

"Katibu, utalima Jumatatu. Debe moja la mahindi kwa siku, na ng'ombe wako ananilimia nusu siku. Anayefuata nani?"

"Debe zima? Kwa wa kushoto?"

"Jumamosi alikuwa wa bei ya kutupa, hukumtaka."

Hapo ndipo pikipiki ya Kwato ilipoingia uani, ikirusha tope. Hakushuka. "Shemeji, nimesumbuliwa na simu tangu jana. Wale wengine nilishawapakia, mjinga mimi. Milioni moja na laki mbili, namchukua Mpambe sasa hivi."

Ushuru, aliyekuwa siku mbili hizi anaosha vyombo kwa hiari yake, alitokea mlangoni kama aliyeitwa kwa jina. Macho yalikuwa yamemtoka. "Umesikia, Mama Pacha? Karibu mara mbili! Kwa siku sita! Hii ndiyo ninayowaambia, ugavi na mahitaji. Uza! Uza upesi kabla hajabadili mawazo."

"Na shamba?"

"Tutakuwa na pesa."

"Nira utaifunga wapi kwenye pesa?"

"Tutanunua ng'ombe wengine wawili bei ikishuka!"

"Itashuka lini, Baba Pacha? Mvua ikikatika?"

Uani watu wote walikuwa wanasikiliza, na ng'ombe pia. Kwato alipandisha hadi milioni na laki tatu. Ushuru alitoa sauti kama mtu aliyekanyagwa. Mama Pacha alitazama mumewe, akatazama yule mtu wa tumbo juu ya pikipiki, na kwa mara ya kwanza tangu mavuno alihisi chuki ikimtoka na kicheko kikiingia mahali pake. Mwaka mzima watu hawa walimpangia bei: redio, dalali, mwenye chaki, mwenye mizani. Leo walikuwa wamesimama kwenye tope lake.

"Haondoki," alisema. "Kwato, kama unataka kulima, panga foleni. Uko nyuma ya yule mwenye shati la bluu."

Alimfungua Mpambe, akamwita mjane, aliyekuwa wa kwanza kufika alfajiri na hakuthubutu kusogea mbele. "Twende, mwenzangu. Kwako wewe hakuna debe. Tunaanza shamba langu, kesho lako."

Nyuma yao waliisikia sauti ya Ushuru ikiinuka. Alikuwa amepanda juu ya kinu kilichopinduliwa, anawaeleza wanafoleni jinsi yeye na mkewe walivyolisoma soko mapema, wakaona upungufu wa upande wa kushoto unakuja, wakachukua hatua. Katibu alikuwa anatikisa kichwa kukubali, maana alikuwa wa tatu, na mtu wa tatu hana budi kukubali.

Shambani waliwafunga nira. Ng'ombe wa mjane aliingia mtaroni mwenyewe, Mpambe akapanda ardhi ngumu mahali pake, na plau ikazama. Mstari wa kwanza ulitoka umenyooka. Mama Pacha alishika mikono ya plau, mjane akaongoza mbele, wakalima mistari sita. Walipogeuza kwa mara ya sita, mjane aliuliza:

"Mwaka huu tunapanda nini?"

"Wenzetu wanapanda nini?"

"Mahindi. Kijiji kizima. Alizeti hawataki hata kuisikia. Shemeji yangu amewapa kuku mpaka mbegu."

Mama Pacha alisimamisha ng'ombe. Hakujua meli ngapi ziko njiani, wala yule bwana wa redioni ataamka siku gani na sauti ipi. Hilo hakulijua, na hakujifanya analijua. Alifuta jasho kwa mgongo wa mkono, akaangalia mashamba ya jirani yaliyokuwa yakingoja mahindi, moja baada ya jingine, hadi kwenye kilima.

"Huku chini tutie mahindi ya kula," alisema. "Kule juu tutie alizeti." Akatazama njia ya nyumbani, ambako hotuba bado ilikuwa inaendelea, akashusha sauti. "Ila tafadhali, mwenzangu, Baba Pacha asijue mpaka iote."